Neno Ulilolisema Wodini

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii tena, ila sijui njia nyingine ya kuanza kusema na wewe.

Tangu tukuzike hapa Lukuledi, nyumba imekuwa nyingine. Kuku wamehamia barazani kwako. Magugu yamejaa chini ya mikorosho. Klemensi, mwanao, alirudi Kitangari kesho yake baada ya mazishi, na hata arobaini yako hakuja. Watu wakasema ana moyo mgumu. Mimi nilinyamaza, na mimi ndiye niliyemfukuza.

Unakumbuka ulivyotufundisha Kilatini mezani? Ulikiokota utotoni, ukitumikia misa misheni, na hukukiacha. Ulikuwa ukisema “Pax tecum”, unatupa maana yake kwa Kiingereza, “peace be with you”, halafu ndiyo Kiswahili, amani iwe nawe. Klemensi alikariri yote. Mimi nilikuwa nachungulia nje, nangoja umalize nikacheze.

Kiharusi kilipokupiga, Kiswahili kilikutoka. Siku mbili wodini hukutamka kitu. Klemensi alikuwa anapiga simu kutwa. Mlikuwa mmegombana, alitaka ukaishi kwake, ukamwambia hutaki kutunzwa kama mtoto, naye akakujibu vibaya. Kwenye simu alikuwa analia: “Dada, mwombe Baba anisamehe.”

Nikakuinamia na kijiko cha uji mkononi. “Baba, msamehe Klemensi.”

Ukageuza uso. Ukasema, “Sitio.”

Nilisikia “sitii”. Nilikasirika, Baba. Nikakugombeza mbele ya nesi na wagonjwa wengine: “Hata kitandani unabisha?” Ukanitazama, ukalirudia lile neno polepole, kisha ukafumba macho. Nikatoka nje nikampigia Klemensi. “Baba amekataa,” nilimwambia. “Anasema hatii.” Alfajiri ukafariki.

Msibani nilimsimulia shangazi. Shangazi akasimulia wengine.

Ijumaa Kuu iliyopita padri alikuwa anaeleza maneno ya Yesu msalabani. Akafika pale, akalitamka kwa Kilatini, kwa sauti yako kabisa. “Sitio. Naona kiu.” Nilishika benchi la mbele. Mama aliyekaa jirani yangu aliniuliza kama naumwa.

Chupa ya maji ilikuwa mezani, Baba. Kiwiko changu kilikuwa kinaigusa.

Jumatatu ya Pasaka nikapanda gari hadi Kitangari. Nilimkuta Klemensi anashusha madumu ya maji kwenye pikipiki. Hakunisalimu. Nikamwambia pale pale, nimesimama: “Baba hakusema sitii. Alisema sitio.”

Akaweka dumu chini.

“Dada, hilo neno nalijua,” alisema. “Ungenitamkia kwenye simu lilivyotoka mdomoni mwake, ningekwambia umpe maji.”

Kisha akakaa juu ya dumu, akalia kama mtoto. Nilitaka kumshika bega, mkono ukakataa kwenda. Angenitukana ningepumua. Aliniuliza kitu kimoja tu: “Kwa hiyo hakunikataa?” Nikamjibu kwamba sijui ungesema nini, ila kunikatalia ombi lake hukunikatalia. Ulikuwa na kiu, na mwanao wa kike hakukuelewa.

Amekuja leo. Hajaniambia kwamba amenisamehe, nami sijamwuliza. Yuko kaburini kwako na jembe, anang’oa majani na kuongea na wewe. Mimi nimekaa huku mbali naandika, nisisikie yasiyonihusu.

Nakuahidi, Baba: wote walioambiwa kwamba ulimkataa mwanao nitawapitia mlango kwa mlango, nikianzia kwa shangazi, niwaambie kosa ni la masikio yangu. Wakinicheka, wanicheke.

Pumzika, Baba yangu. Nisamehe kama huko mnasamehe.

Klemensi amesimama, ananipungia mkono. Sioni vizuri kama ananiita au ananifukuza. Nakwenda.

Binti yako,
Agata