Shija, Usinyoe Msibani Kwangu

Mwanangu Shija,

Kuna jambo kuhusu nywele zako nimelificha tangu ukiwa mchanga, na mama yako amekwenda nalo kaburini. Nitalisema humu. Ila sitaanza nalo, kwa sababu nina hasira na wewe, na mtu wa hali yangu akiiweka hasira kiporo huenda asiamke kuila.

Msimu huu wa mvua, daktari alipolipima ini langu akaniambia nisihesabu mavuno mengine, nilipanda gari hapa Kharumwa nikaja huko machimboni Nyarugusu kukutafuta. Hukujua. Nilimwuliza kijana mmoja aliyebeba kiroba cha mawe: "Namtafuta Shija, yule mwenye nywele ndefu."

"Rasta? Rasta alishakufa, mzee." Kisha akauona uso wangu. "Natania, babu. Shikamoo. Siku hizi ni msimamizi pale karasha, wanaposaga mawe. Ukisikia mtu anafoka, ndiye."

Nikakaa kwa mama muuza chai mkabala na lango. Ukatoka. Kichwa cheupe, hakina hata unywele, unawafokea watu wazima kwa sauti ya baba yako mdogo Malongo. Nikamwuliza yule mama ulifiwa na nani.

"Hajafiwa," akasema. "Tajiri alimwambia hamkabidhi mashine mtu mwenye kichwa cha mvuta bangi. Kesho yake akaja kipara. Tulimcheka mpaka chai ikapoa."

Nililipa chai nisiyoinywa, nikageuza. Nilikuwa nimekuja kukuomba radhi, Shija. Nilirudi nayo.

Sasa nikukumbushe msiba wa mama yako, maana huenda uliponyoa ulikata na kumbukumbu. Siku ya kumaliza matanga, shangazi yako Kabula alitoa maji na wembe, kama ilivyo kwetu: mgane kwanza, kisha watoto. Mimi nikanyolewa. Zamu yako ikafika, ukabaki umesimama, rasta zako zimefika mabegani, na Malongo akaanza.

"Huyu ni dume au ni mke wa mtu? Akigeuka kidogo tunamposa."

"Niposeni, baba mdogo," ukamjibu. "Lakini mnipose kwa ng'ombe wazima. Wale wako wanasimama kwa kushikiliwa."

Watu wakacheka, hata walioliaga jeneza kwa mayowe. Mimi sikucheka. Nilikuwa mwalimu mkuu mstaafu, msomaji wa Neno kanisani, na mwanangu alikuwa akibishana juu ya kichwa chake mbele ya ukoo. Nikasema neno ambalo bado nalisikia: "Ushirikina huo ulikuwa wa mama yako, na mama yako tumeshamzika. Nyoa, au ondoka."

Uliniangalia, ukasema taratibu: "Baba, wembe huu haukuwahi kunigusa yeye akiwa hai. Ukinigusa leo, nitakuwa nimemzika mara mbili." Ukachukua begi, ukapanda bodaboda, ukaenda.

Malongo akasema mwanamume hasusi msiba. Na mimi, nikiwa na kipara kibichi kinachochomwa na jua, nikawaza kwamba mwanamume pale alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyeondoka. Niliwaza hivyo, nikanyamaza. Miaka yote hii nimekuwa nikikuona akilini ukipita kwenye mashimo ya dhahabu na nywele zako, nikisema: yule hakuinama. Kumbe umeinama kwa tajiri wa karasha. Wembe ulioukataa kwa ajili ya mama yako umeukubali kwa ajili ya mashine. Hilo ndilo linalonichoma, wala si ini.

Najua utakachosema: una watoto, wanakula. Najua. Sikukuzaa ukafe njaa kwa ajili ya nywele. Lakini hata salamu ya kuniambia umenyoa hukuleta, uliacha niendelee kujivunia kitu kisichokuwapo.

Unakumbuka mama yako akikukata nywele kabla ya shule kufunguliwa? Shule ilitaka vichwa vifupi, na mimi ndiye niliyesimama mstarini kukagua. Akakubali mkasi, wembe akaukataa. Alikukalisha kwenye kigoda nyuma ya jiko, akakata kwa mkasi ule wa kushonea, ukatoka na mabonde na milima. Wenzako walikuita Shamba la Karanga. Ukarudi unalia, akakuambia: "Waambie karanga zinaota tena." Ulipomaliza kidato cha nne ukaziacha ziote kweli, na kila ulipotoka machimboni alikupaka samli kichwani, anakusema kwa vumbi ulilolibeba, huku akikufungulia fundo moja moja. Nilikuwa napita na gazeti langu, nikijifanya sioni. Nilikuwa naona.

Na hasira yangu nyingine ni kwa hawa wanaojiita walinzi wa mila. Malongo hamkumbuki baba yetu? Babu yako alikuwa mcheza ngoma. Alisuka nywele zake, akazitia shanga, akipita mnadani wanawake waliacha kupima mtama. Hakuna aliyemwuliza kama ni dume. Waliothubutu kushindana naye uwanjani walijibiwa hukohuko. Sisi wanawe tulinyolewa siku ya kwanza ya shule ya misheni, tumepangwa kwenye benchi, nywele zikafagiliwa pamoja na maganda ya miwa. Tukaambiwa ni usafi. Tulipokuwa wakubwa tukawaambia watoto wetu kuwa ni uanaume. Mimi nimewafundisha hivyo watoto wa kata nzima, kwa fimbo. Leo tajiri anasema ni kazi. Kila mwenye lango ana jina lake la wembe, nasi tunainamisha vichwa na kushukuru.

Basi nikuagize, na hili si ombi. Nikifa wataitana, nawe utaitwa. Malongo atasimama tena, maana mdomo wake haustaafu. Utaletewa maji na wembe. Usinyoe. Anza kufuga sasa. Zikiwa zimefika hata masikioni zinanitosha. Na kama tajiri atakufukuza, rudi nyumbani, shamba la bondeni ni lako, nimeshawaambia wenye mamlaka ya kujua. Ukija kunizika na kipara ulichomnyolea mtu mwingine, afadhali usije.

Barua hii nimeiandika iwe wazi. Nakala moja anayo shangazi yako Kabula, na ameniahidi kuisoma kwa sauti siku hiyo kabla ya wembe kutolewa kwenye karatasi. Alipouliza kwa nini nijivue nguo mbele ya ukoo, nilimwambia mama yako alivuliwa zake mbele ya ukoo huohuo, na mimi nikiwa nimekaa kiti cha mbele.

Maana unajua walivyomfanya. Kaka zako mapacha, Kulwa na Doto, walikufa kabla ya kutambaa, na wewe ukazaliwa ukiwafuata, unachemka mwili. Wazee walisema mtoto kama huyo asiguswe na wembe, ili kifo kisimtambue kuwa ni wa nyumba ileile. Ikasemekana mama yako alikwenda alfajiri moja kwa mganga ng'ambo ya mto, akapewa sharti hilo. Akina mama wa jumuiya wakamvua uongozi. Malongo akamwita mchawi wa mwalimu. Alipika ubwabwa wa kipaimara chako mwenyewe, na waliokula walinong'ona sahani zikiwa mkononi. Watu walinionea huruma mimi, msomi niliyeoa mshirikina, nami nikaipokea ile huruma. Hata wewe, Shija, uliamini ni sharti lake, ukalitetea msibani kwa sababu ni lake.

Mkono umechoka, na Kabula ananiletea uji nisioutaka. Wasalimie wajukuu wasionijua. Waambie babu yao alikuwa mkali, wasidanganywe kwamba alikuwa mpole.

Mama yako hakuwahi kufika kwa mganga maishani mwake. Aliyevuka mto alfajiri ile, kofia imeshushwa mpaka machoni, ni mimi. Na nilimwomba aseme ni yeye, kwa sababu nilikuwa na somo la kusoma kanisani Jumapili.

Baba yako