Majibu matatu, visanduku vitano

Alhamisi, saa tisa alasiri. Upepo umeanza na mitumbwi imesimama. Wingu jeusi limelala juu ya Lubunga, ng'ambo ya mto, na wenye mitumbwi wamekataa kuvusha mtu yeyote mpaka lipite. Nimekaa kwenye ngazi za bandari na simu mkononi. Naandika kwa sababu nisipoandika nitapiga kelele mbele za watu.

Lazima nifike Yanonge kabla ya kesho asubuhi. Nitaeleza kwa nini, lakini itabidi nianzie mbali kidogo, kwenye mots croisés, yale mafumbo ya maneno yanayopishana kwenye visanduku.

Papa yangu ana duka la dawa hapa Makiso, na mimi ndiye msaidizi wake tangu nimalize masomo. Kila asubuhi, kabla ya kufungua, tunajaza gridi moja pamoja. Magazeti yenyewe ni ya Kifaransa, ya zamani, tunayanunua kwa wale wanaotandika vitabu chini karibu na posta. Mara nyingine mwenye gazeti wa kwanza amejaza nusu akakata tamaa, na Papa humcheka mtu huyo asiyemjua mpaka chai yake inapoa.

Kidokezo kimoja kinaweza kuwa na majibu mengi. "Kinapatikana msituni," visanduku vitano. Arbre, yaani mti, inaenea. Singe, tumbili, inaenea. Liane, ile kamba ya msituni, nayo inaenea. Nilipokuwa mdogo niliandika lile la kwanza kunijia, na Papa alinigonga vidole kwa penseli. Sheria yake ilikuwa moja: usiamini neno mpaka neno lingine lipite juu yake na kukubaliana nalo. Na hata hapo, andika kwa penseli.

Dukani aliishi kwa sheria hiyo hiyo. Karatasi ya dawa isiyosomeka hakuikisia hata siku moja. Alimuuliza mtu anaumwa nini, ana umri gani, anakunywa dawa gani nyingine. Majibu yasipokutana, alimrudisha alikotoka. Aliwahi kumrudisha bwana mmoja aliyetoka Bafwasende kwa pikipiki, siku mbili matopeni, kwa sababu karatasi yake ilikuwa imelowa. Yule bwana alimtukana mpaka wapita njia wakasimama. Papa alimpa kiti na maji ya kunywa, dawa hakumpa.

Huyo ndiye Papa niliyemjua.

Tangu mvua za mwaka huu zianze, anajaza kwa biki, kwa wino usiofutika. Mwanzoni nilifurahi, nikasema mzee amejiamini. Halafu nikaanza kuziangalia gridi zake kila alipokwenda kuswali. Kila neno lilienea kwenye visanduku vyake, na hakuna hata moja lililokubaliana na jirani yake. Pale maneno yalipopishana alikuwa ameandika herufi moja juu ya nyingine, akakoleza, akaendelea. Wiki iliyopita, mahali palipotakiwa jina la mji, aliandika jina la marehemu mama.

Nilifanya nini? Nilizichana zile kurasa. Nilizitia kwenye moto wa kupikia ili kaka yangu akija asizione. Nikaanza kumwangalia Papa mikononi kila anapohudumia, nikajiambia kwamba nipo, nitaona kila kitu. Kumwambia akae nyumbani sikuweza. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, sasa nimwambie hajui kusoma? Nilikuwa mwoga, na woga wangu niliuita heshima.

Leo asubuhi nilikwenda kufuatilia kibali cha duka ofisini, nikamwacha peke yake kwa saa tatu.

Niliporudi nilikuta karatasi ya dawa juu ya meza, imelowa, ameigandamiza kwa kopo ili ikauke. Kilichobaki kusomeka ni herufi ya kwanza ya jina la dawa, namba tano ya kipimo, na maagizo ya kunywa kimoja asubuhi. Mengine yote yalikuwa wino uliotiririka. Dawa zinazoenea hapo ni nyingi, na zinatibu magonjwa yasiyofanana kabisa. Pembeni, bokisi la dawa ya sukari lilikuwa wazi, na vidonge kadhaa vimekatwa humo.

"Papa, hii karatasi ni ya nani?"

"Ya mama moja wa Yanonge. Mama yake iko mugonjwa. Nilimupa dawa."

"Ulimuuliza anagonjwa nini?"

"Zaina, usinichokoze. Miaka hii yote nasoma makaratasi ya wagonjwa, leo ndio nitashindwa? Bon. Ilienea."

Ilienea.

Nilimuuliza jina la yule mama. Alisema ni Mama Bolumbu. Baada ya kidogo akasema hapana, ni Mama Asha. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, kisha akawa msichana mwenye mtoto mgongoni, kisha mwanamke mnene mwenye miwani. Yote hayo ndani ya dakika tano, na yote aliyasema kwa uhakika uleule. Nilimtazama usoni nikaogopa. Sijawahi kumwogopa Papa yangu maishani.

Mbele ya duka letu, upande wa pili wa barabara, anakaa Mama Cécile anayeuza kwanga, ile mikate ya muhogo. Nilimkimbilia, nikamuuliza kama amemwona mteja wetu wa Yanonge.

"Ule mwenye bidon mbili za njano, za mafuta?" akasema. "Alinunua kwanga kwangu. Alisema mama yake iko na tension, kichwa kinazunguka, hata chakula hakuli tena. Sukari? Hapana, hakusema mambo ya sukari. Ameisha panda boti ya Yanonge, kitambo."

Basi ni presha, si sukari. Na ninajua kitakachotokea, kwa sababu Papa mwenyewe alinifundisha. Bibi kizee asiyekula atapewa asubuhi kidonge cha kushusha sukari ambayo tayari hana. Atatoka jasho, atalegea, atalala. Na watu wa nyumbani, kwa mapenzi yao yote, watasema mwacheni apumzike.

Namba ya kituo cha afya cha kule haipatikani. Nimepiga mara sijui ngapi. Kwa hiyo mpango ni kuvuka, kuchukua pikipiki upande wa Lubunga, na kumtafuta muuguzi wa kituo hicho aliyeandika karatasi ile. Nimeibeba kifuani ndani ya mfuko wa plastiki. Muuguzi atajua alimwandikia nani. Nasema atajua, maana sitaki kufikiria kwamba hatajua.

Kabla sijatoka nilifunga duka, nikachukua funguo. Papa alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha wateja, mikono juu ya magoti.

"Nilikosea?" akaniuliza.

Nilimwambia sijui bado. Nilimwambia aende nyumbani apumzike, nitarudi kesho. Hata pale, na karatasi ile kifuani, sikuweza kumwambia ndiyo.

Simu imelia sasa hivi. Nilidhani ni Yanonge. Ni Papa, na sauti yake ilikuwa changamfu, ile ya asubuhi.

"Zaina, uko wapi? Kuko watu hapa mulangoni. Nimefungua na funguo ya zamani. Moja karatasi yake imechakaa kidogo, lakini haina shida."

"Papa, usitoe kitu. Niko naenda Yanonge."

"Yanonge? Kufanya nini kule?"

Na akakata, maana wateja wanamsubiri.

Wingu linasogea. Mwenye mtumbwi ameanza kufungua kamba, ananiita kwa mkono. Nikirudi dukani nitaukosa, na amesema hakuna mwingine utakaovuka leo. Nikivuka, Papa yuko peke yake na kabati zima la dawa.

Nimempigia Mama Cécile. Mama huyu akijua jambo saa nne, saa tano soko zima linalo, na ndiyo sababu miezi yote hii nilimficha kuliko mtu mwingine yeyote. Nimemwambia avuke barabara, aingie ndani, asimame mbele ya kabati, mtu asipewe hata kidonge cha kichwa. Nimemwambia awaambie wote waliopo kwamba akili ya Papa yangu imeanza kuondoka, asiuze dawa tena.

"Niseme vile mbele yake?" akauliza.

"Sema mbele yake, Mama. Nakuomba."

Hakukata simu. Nilisikia pikipiki zikimpita, nikasikia mlango wetu, halafu Papa akimkaribisha kwa heshima na kumuuliza leo anasumbuliwa na nini. Halafu nikamsikia Mama Cécile akiyasema maneno yangu, moja baada ya jingine, bila kuyapunguza.

Papa hakubisha. Nilidhani atafoka, nilijiandaa kwa hilo. Aliuliza tu, taratibu, "Ni Zaina amesema?"

Niko ndani ya mtumbwi sasa, katikati ya mto, na mvua imeanza. Ndiyo, Papa. Ni mimi. Nimechelewa miezi mitatu kukwambia, na boti lile limenitangulia mchana mzima. Nitamwahi bibi wa watu kabla hajameza kidonge cha asubuhi?