Nilikiri Kumpa Mjukuu Wangu Sukari Ambayo Sikumpa

Mpendwa Mshauri,

Uniwie radhi kwa kuchukua nafasi ambayo pengine ingemfaa mwenye shida kubwa kuliko yangu. Mimi ni mgane wa miaka sabini na mmoja, mkazi wa Kibosho, niliyefundishwa na mapadre kusoma, kuandika na kutosema uongo, na hilo la mwisho ndilo linalonisukuma nikuandikie. Mwanangu Onesphory anafanya kazi katika shamba la miwa huko tambarare, na kila Jumamosi yeye na mkewe Salvina walikuwa wakiniletea binti yao Digna, wa miaka sita, alale kwangu hadi Jumapili, na tangu marehemu mke wangu alipotutoka sina sauti nyingine ndani ya nyumba ila ya mtoto huyu. Salvina ameambiwa na majirani zake katika kambi ya wafanyakazi wa shamba kwamba sukari humpanda mtoto kichwani asitulie, basi mwezi Mei aliniomba kwa adabu nisimpe, nami nilitii, na isitoshe sukari haijaonekana katika duka letu la kijiji tangu Pasaka, kwa hiyo Digna alikula mtori wetu wa ndizi na kunywa chai isiyo na sukari kama mimi.

Jumapili moja ya Juni Salvina alimkuta mtoto akiruka mfereji huku na huku, gauni la kanisani limelowa, anaimba na kuwafukuza kuku, akanisalimu, "Shikamoo, baba," nikaitika, kisha akasema taratibu, "Baba, umempa sukari." Sasa kwetu baba mkwe habishani na mke wa mwanawe, nami nilimwona amechoka kwa safari, nikajikuta nikisema, "Nisamehe, mwanangu, nilimpa kijiko kimoja." Akauliza, "Kimoja tu, baba?" Nikasema labda viwili.

Hakunigombeza. Alimkausha mtoto miguu wakaondoka, na leo ni wiki saba hajaletwa. Onesphory amenieleza kwamba mkewe anahofia mtoto ataanza darasa la kwanza Januari akiwa hatulii. Nikisema kweli nitaonekana mwongo, nikinyamaza nitamkosa mtoto. Nifanye nini? Samahani kwa urefu wa barua.

Wako mtiifu,
Mzee Wenseslaus, Kibosho

Mzee Wenseslaus, shikamoo.

Nimetanguliza salamu kwa sababu yanayofuata si maneno ya kumwambia mtu wa umri wako. Ulimdanganya mke wa mwanao ukaita adabu. Yeye alikuamini, na sasa ana ushahidi kwamba majirani walisema kweli: mtoto alipewa vijiko viwili, akaruka mfereji. Ushahidi huo umempa wewe.

Lakini jibu umeliandika mwenyewe bila kuliona. Digna hakuonja hata chembe ya sukari, na aliruka. Sukari itamharibia meno, na kwa hilo Salvina ana haki ya kumzuia. Kinachomrusha ni kingine. Wiki nzima, kama ninavyozijua kambi za miwa, anakaa katika chumba kimoja, akikatazwa kupita njia ya matrekta. Jumamosi anafika penye maji, kuku, na babu asiyemkataza neno. Hata mimi ningeruka.

Basi usitume barua, wala usimtume Onesphory. Jumamosi hii panda basi uteremke mwenyewe hadi kambini. Ukishaketi usianze kuomba radhi, maana wewe ukianza humalizi. Sema, "Mwanangu, sikumpa sukari. Nilisema nilimpa kwa kuogopa kubishana nawe. Kosa langu ni kukudanganya." Kisha nyamaza umwache akasirike. Akimaliza, mwalike aje na mtoto, alale, apike chai kwa mkono wake. Na kila Jumapili baada ya misa umkalishe Digna uandike naye jina lake, robo saa tu, ili mama yake aone kwamba kwa babu pia kuna kutulia.

Hata hivyo nadhani mtoto atakurukia mlangoni kabla hujapiga hodi. Usimzuie. Mwulize mama yake, kwa upole wako huo huo, asubuhi hii Digna amekunywa nini.