Meza ya Kukunjia Mashuka

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko ugenini? Sisi wazima, ila goti langu linajifanya bosi. Mdogo wako Nyoosha ameanza kazi kwa yule dobi uliyembembeleza kwa simu. Mtu mzima na ndevu zake, hajawahi kuajiriwa, leo anakunja mashuka ya hoteli ncha kwa ncha mpaka wenzake wanaitana waje waone. Waliosema mwenye usonji hawezi kazi wameze maneno yao. Majaribio yakiisha salama, anaandikwa. Usihofu, mimi nipo.

Mama yako

15 Machi

Shikamoo mama,

Goti linaendeleaje? Mimi sijambo, ila nimekasirika. Msimamizi wa pale kwa dobi amenipigia. Kumbe unaingia kazini na Nyoosha kila asubuhi, unakunja nusu ya mashuka, na akiulizwa swali unajibu wewe! Ameniambia, "Dada, sijui mdogo wako anaweza nini, maana sijamwona akifanya peke yake." Ukiendelea hivyo, hawatamwandika. Kaa nyumbani, nakuomba.

Bintiyo

18 Machi

Marahaba binti yangu,

Salamu nimezipata, na ukali wako nimeupata pia. Wewe uko mbali, kuandika ni rahisi. Mashine ya kukaushia ikimaliza inapiga kengele, naye anaziba masikio na kukimbilia uani. Siku ya kwanza walidhani ametoroka kazi. Nani atamfuata? Shule zilimkataa, waajiri walimcheka, nimebaki mimi. Simwachi.

Mama yako

24 Machi

Shikamoo mama,

Hasira zimeshuka, natumaini na zako. Kumbe ni kengele! Mbona hukusema? Nimeongea na msimamizi mpaka salio likaisha. Meza ya Nyoosha inahamishiwa ukuta wa mbali. Atapewa vifunika masikio kama vya mafundi, na mashine ikikaribia kulia mwenzake atampungia mkono. Kazi ya siku ataelezwa asubuhi, bila kubadilishiwa ghafla. Akikwama, watanipigia mimi. Jumatatu ijayo usiende. Safari hii sikuombi, mama.

Bintiyo

14 Aprili

Marahaba mwanangu,

U hali gani? Nimekawia kwa sababu sikujua nianzie wapi. Jumatatu ile nilivaa, nikachukua mkoba, nikajidanganya kwamba nitamfikisha getini tu. Nyoosha alikuwa mlangoni, ameshavaa vile vifunika masikio, utadhani kengele iko sebuleni kwetu. Akautazama mkoba wangu, akasema, "Mama, wewe hukuajiriwa." Akaenda zake.

Nililia, mwanangu. Kisha nikacheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

Wiki hiyo alikimbilia uani mara moja, akarudi mwenyewe, akaendelea kukunja. Hakuna aliyemfuata. Juzi wamemwandika kazi. Ametundika sare yake ukutani na hataki niiguse hata kuifua.

Asubuhi nyumba ni kimya. Nimeshakunja kila nguo, nimefika kwenye mapazia. Wewe uliyemtafutia mdogo wako kazi, nitafutie na mimi.

Mama yako