Tairi la Mbele Kushoto

Nairobi,
25 Machi 1979

Kwa Baba mpendwa,

Mulembe sana Baba. Goti linaendeleaje? Bado linakusumbua mvua ikikaribia? Mimi ni mzima, nakula nashiba, ila obusuma ya huku, huu ugali wao, ni ya unga mweupe mtupu, haikai tumboni. Wasalimie wote kanisani.

Nina habari. Mzee Makhanu amenunua gari la mbio! Miwa imempa, Baba. Yale malori yake uliyokuwa ukiyafungia matairi pale Mayoni sasa yamezaa gari la Kijerumani, fupi, jekundu, injini iko nyuma kabisa mahali wengine tunapoweka mizigo. Ukikanyaga mafuta linakusukuma kifua mpaka unasahau ulichotaka kusema. Dereva ni Masinde, yule tunayekaa naye chumba kimoja. Mashindano ni tarehe 22 Aprili, kwenye uwanja wa Nakuru, mizunguko ishirini.

Sasa sikiza. Mzee Makhanu ameniita ofisini akaniambia, "Bramwel, wewe ni mtoto wa Andati. Mambo ya matairi ya hili gari ni yako." Kuchagua, kufunga, kupima upepo, yote. Mimi! Nimebaki na seti mbili za kuchagua. Moja ni ya matairi ya meno kama ya kawaida. Ya pili ni vipara, hayana hata jino moja. Wenye kujua wanasema barabara ikiwa kavu kipara ndicho kinachoshika. Wewe wasemaje? Kila nililo nalo kuhusu mpira nililipata kwako, kwa hivyo siwezi kuamua kabla sijakusikia.

Nijibu haraka.

Mwanao,
Bramwel

*

Mayoni,
1 Aprili 1979

Kwa mwanangu Bramwel,

Salamu. Barua yako nimeipata, nashukuru kwamba u mzima. Goti ni lile lile. Mvua imeanza na miwa ya shamba la juu imesimama vizuri.

Hayo mengine sikuyapenda. Tairi ambalo meno yameisha linavuliwa, linapelekwa nyuma ya stoo, watu wanakata malapa. Halirudi barabarani. Miaka kumi na moja niliyokaa katika kazi ile sikumwona mtu mwenye akili akichagua kipara huku tairi zima liko. Makhanu anataka kupunguza gharama na wewe unashangilia kama mtoto aliyeonyeshwa pipi.

Funga ya meno. Na huyo Masinde mwambie awe na adabu na gari la watu.

Usiniulize tena mambo ya matairi. Mimi siku hizi ni mkulima.

Baba yako,
Erastus Andati

*

Nairobi,
6 Aprili 1979

Kwa Baba mpendwa,

Mulembe. Natumai hujambo, na hasira imepungua kidogo. Mimi sijambo. Masinde anakusalimu, anasema adabu anayo, ila gari ndilo halina.

Baba, pole, ni mimi niliyeeleza vibaya. Hivi si vipara vya kuisha. Vimetoka kiwandani hivyo, vipya, uso laini kama mkono. Mpira wenyewe ni mwororo, ukibonyeza kwa ukucha alama inabaki. Ukizunguka mara mbili unapata joto, unanata na lami. Meno ni ya kupitisha maji tu, na pasipo maji meno ni nafasi tupu ambayo haigusi barabara. Mvua ikinyesha tunavivua upesi tunafunga vya meno. Umeona? Hata wewe ungevipenda.

Taabu yangu ni nyingine, na hii lazima uniambie hata kama wewe ni mkulima. Matairi haya ni manne tu, na nchi hii yote hakuna la tano. Nilipoyapitishia kiganja kama ulivyonifundisha, moja nililikuta na uvimbe ubavuni. Mdogo, kama punje ya hindi. Ukilitia upepo unaonekana, ukilitoa upepo unapotea. Nimemwonyesha Mzee Makhanu. Akalitazama kidogo akasema, "Mizunguko ishirini tu. Liweke mbele kushoto." Na kwa kweli uwanja ule kona zake nyingi ni za kushoto, uzito unalala kulia, kwa hivyo mbele kushoto ndiko kunakoumia kidogo kuliko kote. Hesabu yake si mbaya. Halafu akanicheka. "Mzee wako angelipitisha bila maneno mengi."

Je, ungelipitisha? Tukifunga yale ya meno tutashindwa, hilo najua. Masinde ameahidiwa kazi ya kudumu akishinda, na mke wake anajifungua mwezi wa sita. Lakini huyo Masinde ndiye atakayekaa nyuma ya usukani, si mimi. Wewe ulipitisha matairi maelfu na hakuna hata moja lililokuaibisha. Niambie tu ndiyo au hapana, nami nitafanya hivyo hivyo.

Mwanao,
Bramwel

*

Nairobi,
17 Aprili 1979

Baba,

Salamu. Je, mko salama huko? Kila siku namwuliza karani wa barua, mpaka sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika.

Jumapili ni mashindano. Sijapata neno lako. Kama umekasirika, kasirika, lakini nijibu.

Mwanao,
Bramwel

*

Mayoni,
18 Aprili 1979

Kwa mwanangu Bramwel,

Nakusalimu. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako ya tarehe sita ilifika siku nane zilizopita. Nimeandika jibu mara tatu nikalitia motoni. Leo naandika la nne, na nitampa dereva wa basi la asubuhi alipeleke posta ya Kakamega, labda litawahi. Jibu ni hapana. Usilifunge. Hata mbele kushoto. Hasa mbele kushoto.

Sasa nakwambia sababu, na unapoisoma uwe umekaa.

Unakumbuka msimu wa sabini na tano. Kiwanda kilikuwa kinatafuna miwa usiku na mchana, kila mtu amepanda, malori yanapanga foleni mpaka sokoni. Kazi yangu asubuhi ilikuwa kuzunguka kila lori la Makhanu na chaki. Mstari mmoja, lori linatoka. Msalaba, lori linabaki. Hata Makhanu mwenyewe alikuwa haondoi lori lenye msalaba wangu. Ndiyo heshima niliyokuwa nayo.

Siku ile lori la kaka yako Protus nililiwekea msalaba. Tairi la mbele kushoto lilikuwa limekwisha, nyuzi zinaonekana, na ubavuni lilikuwa na uvimbe kama huo unaouandika wewe, mkubwa kidogo. Stoo haikuwa na lingine. Makhanu akaja na karatasi ya kiwanda mkononi, akasema zamu yake ikipita miwa itakauka shambani, hasara itakuwa ya watu wote. Akasema, "Andati, safari moja tu." Bramwel, hakunilazimisha. Hakunishika mkono. Nililamba kidole gumba nikaufuta ule msalaba, nikachora mstari.

Lilipasuka kwenye mteremko wa mtoni. Protus alikufa pale pale, na Wanyonyi, yule mkata miwa aliyepewa lifti mbele, akafa njiani kwenda hospitali.

Polisi waliponiuliza nilisema tairi lilikuwa zima. Makhanu akasema vile vile. Basi ikabaki kwamba Protus alikuwa anakimbia, na wengine wakaongeza kwamba alikuwa amelewa. Unamjua kaka yako, chang'aa hakuijua hata harufu. Mimi nilisikia haya yakisemwa matangani, mwili wa mtoto wangu ukiwa ndani ya nyumba, na nikanyamaza. Jescah, mjane wa Wanyonyi, alisimama mbele ya watu akamwambia shemeji yako Nabwire kwamba Protus mume wake ni muuaji. Nabwire alikuwa amevaa kitambaa cheusi cha siku mbili. Nilinyamaza. Baada ya mwezi alirudi kwao Navakholo, na hata sikumsindikiza.

Mwaka uliofuata Makhanu akakuchukua Nairobi akakupa kazi. Sasa unajua kwa nini.

Uliandika kwamba hakuna tairi lililoniaibisha. Neno hilo limeniondolea usingizi. Usilifunge, mwanangu.

Baba yako

*

Nairobi,
27 Aprili 1979

Erastus Andati,

Barua yako nimeipata Jumanne. Mashindano yalikuwa Jumapili.

Masinde ni mzima. Nakwambia hilo kwanza kwa sababu najua utakuwa unangoja.

Nilingoja jibu lako mpaka Jumapili asubuhi. Tulikuwa Nakuru, gari liko juu ya jeki, jua kali, hakuna dalili ya mvua, kila mwenye gari amefunga vipara. Mzee Makhanu amesimama juu yangu na saa mkononi. Masinde ameshavaa kofia. Nikalitia lile tairi upepo, uvimbe ukatokea, na haukuwa punje tena, ulikuwa haragwe. Makhanu akasema, "Funga." Nikachukua kisu cha kukatia mpira, nikakitia pale pale kwenye uvimbe mpaka kwenye mpini. Nikamwambia, "Sasa halifungiki."

Tulikimbia na matairi ya meno. Masinde alikuwa wa tisa katika magari kumi. Makhanu alinifukuza kazi mbele ya watu wote, na akamwambia Masinde ile kazi aisahau. Masinde amehama chumba. Anawauliza watu kama nililipwa na wapinzani. Mpaka leo mimi mwenyewe sijui kama lile tairi lingepasuka. Pengine lingemaliza mizunguko ishirini, na mtoto wa Masinde angezaliwa baba yake akiwa na kazi. Hilo nitakaa nalo.

Lakini nataka ujue nilikuwa nawaza nini nilipochukua kile kisu. Nilikuwa nawaza, Baba angefanya hivi. Haki ya Mungu. Nilikuwa na hofu, nikajiambia, wewe ni mtoto wa Andati, Andati halipitishi tairi bovu hata kwa tajiri. Ndicho kilichonipa nguvu. Siku mbili baadaye ndipo nikasoma barua yako.

Nimekula chakula cha Makhanu miaka mitatu. Viatu nilivyovaa ni vya Makhanu. Watu walipokuwa wakisema Protus alikuwa mlevi, mimi mwenyewe nilianza kuamini kidogo. Nikamkasirikia marehemu! Nilikuwa naona alituachia aibu. Nani atanirudishia miaka hiyo nimlilie kaka yangu sawasawa?

Mimi si wa kuambiwa kwanza. Nabwire ndiye. Na Jescah. Uliniandikia mimi kwa sababu niko mbali na karatasi haiangalii mtu usoni. Nenda Navakholo. Simama mbele yake useme kwa mdomo wako. Usipokwenda usiniandikie, wala usiseme una mtoto Nairobi.

Bramwel

*

Mayoni,
17 Juni 1979

Kwa mwanangu Bramwel, kama bado unaniruhusu neno hilo,

Nakusalimu. Sijui kama bado uko kwenye anwani hii, lakini sina nyingine. Nasikia umepata kibarua kwa fundi wa magari kwenye barabara ya viwandani. Mungu akushike mkono. Nasikia pia mke wa Masinde amejifungua msichana na wote ni wazima.

Sikuandika kwa sababu ulinikataza mpaka niende. Nilichukua muda. Mara mbili nilifika stendi nikarudi, na sina cha kujitetea.

Jana ilikuwa siku ya soko Navakholo. Nilimkuta Nabwire anauza maharagwe, anapima kwa mkebe wa gorogoro. Amekonda. Aliponiona hakuacha kupima. Alimaliza wateja wote, akafunga gunia, akasema, "Baba, twende nyumbani, huwezi kunisimamia hapa kama mdai." Ameniita Baba, Bramwel. Miaka minne, na bado ni Baba.

Nyumbani alinipa kiti. Nilikataa kukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kama ulivyosema. Msalaba, kidole, polisi, matanga. Hakulia. Alikuwa anatazama mikono yangu. Nilipomaliza akaniuliza swali moja tu: "Protus alijua?"

Hili hata wewe sikukuandikia. Nilijaribu, kalamu ikakataa. Protus alikuja kuchukua lori, akaona chaki imepakazwa. Alikuwa anaujua mkono wangu. Akaniuliza, "Baba, hapa palikuwa na msalaba?" Nikamjibu kwa ukali kwa sababu ya aibu, nikamwambia mambo ya matairi ni yangu, yeye kazi yake ni kuendesha. Akasema, "Haya, Baba." Akapanda. Hayo ndiyo maneno ya mwisho mimi na yeye tuliyoambiana. Alikwenda polepole, nilimwona mpaka kona ya kanisa, polepole kama mtu aliyebeba mayai.

Nilimwambia Nabwire hivyo hivyo. Kisha akasema, "Kwa hivyo hakuwa anakimbia."

Nikasema, "Hakuwa anakimbia."

"Na hakuwa amelewa."

"Hakuwa amelewa."

Hapo ndipo alipolia. Sikumgusa, sikujua kama nina ruhusa. Dada yake aliingia akanitazama, akatoka. Nilitaka kumwomba msamaha, nikaona hata kuomba ni kumtaka anipe kitu. Nikanyamaza, na safari hii nadhani palikuwa mahali pa kunyamaza.

Alipojifuta akaenda chumbani, akarudi amevaa viatu. Nikafikiri ananifukuza. Akaniambia kwamba tangu alipoondoka hajakanyaga Mayoni. Akiwa na mgonjwa wa kumwona upande huo anatuma mtu. Kaburi la mume wake anahadithiwa tu kwamba nyasi zimepanda. Akasema anataka kulala kwangu mpaka Jumatatu, na asubuhi hiyo twende kwa Jescah, mimi na yeye, mchana kweupe, majirani wakituona. Nikamwuliza, "Na baada ya hapo polisi?" Akasema, "Hayo ni yako na Makhanu. Mimi nataka Jescah."

Sasa naandika, yuko hapa nje anang'oa nyasi kaburini kwa mkono. Jembe amelikataa. Kesho Jumatatu tukitoka kwa Jescah nitapitia kituo cha polisi, na sijui kama nitarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Shamba la juu nimemwachia jirani alitazame.

Nilimwomba Nabwire atangulie yeye kwa Jescah, maana wanawake huelewana, mimi nifuate nyuma. Akaniangalia akasema, "Hapana, Baba. Hodi utapiga wewe."

Nitapiga.

Mimi,
Baba yake Protus