Chuma Kisichopenda Kutazamwa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na lile goti halikusumbui sana. Mwambie mama kikohozi kimeniacha, aache kuniwazia. Mimi sijambo, nakula nashiba, na usingizi naupata.

Umeniuliza kama mkataba ukiisha nitarudi kuishika karakana. Jibu lipo, ila nivumilie kwanza nikueleze kazi yangu, maana kila mara unasema nalipwa mshahara wa kunusa hewa.

Hapa kiwandani tunatengeneza amonia ya mbolea. Nitrojeni na haidrojeni hupitishwa kwenye punje za chuma zilizopashwa moto. Gesi hizo hazinywewi na chuma, baba. Zinanata juu yake tu, na hapo ndipo zinapoungana. Zikinata kidogo zinakwenda zao. Zikinata mno hazibanduki, na amonia hatuioni. Mimi napima ni chuma kipi kinajua kushika na kuachia.

Mwezi uliopita niliaibika. Punje mpya zilikuwa zimetolewa kutu yote kwa gesi na moto, zikapoa. Nikakumbuka usemi wako kwamba chuma hukaguliwa mwangani, nikafungua chombo, nikazimwaga kwenye sinia karibu na dirisha. Kumbe chuma kilichosafishwa hivyo kikikutana na hewa huwaka chenyewe! Zikawa nyekundu kama makaa, kisha kutu tupu, nami nimekodoa macho. Bosi wangu, mama mmoja mkali kama pilipili, alicheka hadi akaegemea ukuta, akauliza ni nani aliyenifunza kazi. Nikamjibu ni baba yangu, na chuma chake hakijawahi kuniunguzia sinia.

Nikaanza upya, polepole. Haraka haraka haina baraka. Safari hii sikufungua kitu. Gesi zilinata vizuri, na karatasi ya kupimia amonia ilipogeuka buluu tulishangilia kama watoto. Juzi bosi akaniita, akasema nafasi ya kudumu ipo nikiitaka.

Baba, nimeikubali. Sirudi karakanani. Najua umeshapaka jina langu mlangoni, na nimelia kwa ajili hiyo, lakini sijutii. Naipenda kazi hii kama wewe unavyoipenda yako. Lifute, uandike la mdogo wangu. Kila siku anakuomba nyundo, nawe unamwambia hiyo ni ya dada yake.

Wasalimie mama na majirani wote wanaoniulizia. Nikija likizo nitakaa kwenye benchi la wateja, mpaka yeye aniite ndani.

Mwanao akupendaye,
Kifungua mimba wako