Mtu Asiniambie Matokeo

Jumapili, 29 Agosti 2021

Chai. Mkate. Dawa ya presha. Halafu mechi.

Mbili bila, tumeshinda. Faida kadaka vizuri. Si vizuri kama mimi, lakini vizuri.

Mechi yenyewe ilichezwa jana saa tano usiku kwa saa za huku Sydney. Usiku mimi nalala. Kwangu mechi inaanza nikishakaa kitini asubuhi, binti yangu ananifungulia kwenye kompyuta. Kabla ya hapo mtu asiniambie matokeo. Ndiyo sheria ya nyumba hii.

Binti yangu, Mama Faida, anacheka nikifumba macho kuomba kabla ya mechi. "Baba, unaombea mechi iliyokwisha jana?" Nikamwambia Mungu hana saa ya ukutani. Na si tumeshinda?

Ligi kuu ya wanawake ya Sweden. Mjukuu wangu huyo. Katoka kambi ya wakimbizi Kigoma mgongoni kwa mama yake. Nani kamfundisha kudaka? Mimi, hapa mtaani Granville, kwenye bustani ya nyuma ya reli, kwa machungwa. Uvira nzima walinijua. Waliniita Ukuta. Nina miaka sabini na tatu, na hata leo nirushie chungwa uone.

Jumapili, 5 Septemba

Tumefungwa moja. Kona. Faida kabaki mstarini kama mtu anayengoja basi.

Na nilijua kabla sijakaa. Kosa la Otieno, Mkenya wa mlango wa pili. Anaendesha lori la makontena bandarini. Foleni ikisimama usiku anaangalia mechi kwenye simu palepale. Asubuhi anajua kila kitu. Nimemwapisha asiseme. Leo nimemkuta kwenye ngazi, barakoa mpaka machoni.

"Mzee, mimi ni kaburi. Lakini kunywa maji mengi."

Mshenzi. Nikamwambia na macho yake ayafunge. Akaniuliza, "Kwani wewe unayeombea mechi ulidakia timu gani, ya maaskofu?" Tukacheka wote wawili, kila mtu ukuta wake.

Helikopta ya polisi imepita tena. Mtaa wetu umefungwa kwa ajili ya ugonjwa kuliko mitaa ya matajiri. Hatutoki zaidi ya kilomita tano, saa ya kurudi ndani ipo. Sawa. Faida anatutembelea dunia.

Nimemtumia sauti: kona ikija usingoje, ifuate juu, ishike, na ukishashika usiachie hata wakikuua. Kajibu, "Yes Babu. Umekula?" Kiswahili chake kilichobaki ni cha chakula.

Jumapili, 12 Septemba

Sijaangalia mechi.

Asubuhi nimetoka kutupa takataka. Otieno anarudi kutoka kazini. Kaniona, kasimama. Kavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

Tangu nimfahamu hajawahi kuniamkia hivyo. Kwao hawana hata hiyo salamu. Ananiita Ukuta Uliobomoka, ananiita Maaskofu. Leo shikamoo.

Nikarudi ndani. Mama Faida katoka zamu kule anakotunza wazee, hajalala, macho mekundu. Anasema mtandao mbovu. Mtandao haukuwa mbovu. Mchungaji alikuwa anahubiri kwenye simu yake, sauti safi kabisa.

"Baba, kaa nikuambie."

Nikasema hapana. Sheria ni sheria. Nikaenda kulala na viatu.

Jumatatu, 13 Septemba

Kompyuta iko mezani. Nimeifunika taulo.

Mechi ambayo sijaangalia haijachezwa. Faida bado kasimama golini, glavu za njano, mzima. Nisipofungua, anabaki hivyo.

Simu imelia, picha yake. Sijapokea. Imelia tena. Nikaingia bafuni, nikafungua maji. Mtu mzima mimi, nimesimama bafuni nasikiliza maji.

Anapiga, basi yuko hai. Hilo nimejiruhusu kulijua.

Jumatano, 15 Septemba

Mama Faida kanipigia kelele leo. Hajawahi. Nikaziba masikio nikaanza wimbo wa kanisani. Akanishika mikono yote miwili akaishusha. Ana nguvu, anageuza wazee kila siku.

"Baba! Wewe si mtoto! Pia ya goti imepasuka. Ijumaa wanampasua. Yuko peke yake, haruhusiwi mtu kuingia, ndege hakuna, mimi siwezi kwenda. Anataka Babu yake, na Babu yake yuko bafuni!"

Nikamwambia kavunja sheria ya nyumba. Ndivyo nilivyosema. Mungu anisamehe.

Akakaa sakafuni na yunifomu yake, akaanza kukunja nguo. Soksi hizohizo anakunja, anakunjua, anakunja.

Baadaye nikaenda kukaa karibu naye. Nikamwambia kitu ambacho hatusemi. Mama yake alipolazwa kule kambini, nilipeleka uji asubuhi. Mtu akaniambia mlangoni, uji bado wa moto mkononi. Sitaki tena kuambiwa.

Akasema, "Najua, Baba. Nilikuwa nimekushika koti."

Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwepo.

Alhamisi, 16 Septemba

Nimetoa taulo. Nimeangalia. Peke yangu, Mama Faida nimemtuma dukani.

Dakika ya sitini na kitu. Kona yao. Mpira unakuja juu, mbaya, katikati ya watu. Na mtoto hakungoja. Kaufuata juu kuliko wote, kaushika kwa mikono miwili. Kule hewani kagongwa ubavuni, kashukia goti, mguu wa mtu juu yake. Kaanguka, kajikunja, na mpira tumboni. Refa anapuliza, madaktari wanakimbia, wanamfungua vidole kuutoa.

Mimi ndiye niliyemwambia aufuate juu.

Nimelia. Sioni aibu kuandika. Nimelia kwa woga na kwa fahari, sijui kipi zaidi.

Halafu nikapiga mimi mwenyewe. Kule bado usiku haujaisha. Kapokea mara moja, hakuwa amelala. Uso mdogo. Nguo ya hospitali imemzidi kama shuka.

"Babu. Umeangalia?"

"Nimeangalia."

"Mimi sijaangalia. I couldn't. Kila mtu anasema wow, great save, lakini wananionea huruma. Nilikungoja wewe." Kaivuta nguo ya hospitali mpaka kidevuni. "Babu, did I drop it?"

Kumbe alikuwa ananingojea hilo. Siku zote hizo simu inalia, mimi nimefungulia maji.

"Hukuachia," nikasema. "Walikufungua vidole, mama. Mimi Ukuta wa Uvira ningeachia."

Mara ya kwanza maishani nimesema hivyo, na sikufa.

Akalia, lakini kulia kuzuri. Akasema, "I know, Babu, ungeachia mapema sana." Tukacheka. Kaniambia anaogopa. Nikamwambia na mimi naogopa, niliogopa mpaka nikajifungia bafuni. Hilo lilimfurahisha sana. Karudia kuniuliza: bafuni kweli? Nikamweleza yote, na maji, na wimbo.

Nimemwambia tu: mimi ndiye niliyekutuma juu. Akasema, "No. Mpira ulikuwa wangu."

Jumamosi, 18 Septemba

Jana sikuweza kuandika. Sikuenda kulala. Nilimwambia Mama Faida simu ikilia aniite, chochote kiwe, aniambie palepale na asitafute maneno.

Ililia alfajiri. Alisikiliza, halafu akaniambia, "Imekwenda vizuri, Baba." Nikamwomba arudie. Karudia.

Otieno kaleta samaki wa kukaanga, kaweka mlangoni, karudi nyuma hatua mbili kama serikali inavyotaka. "Samaki wa mgonjwa, lakini mgonjwa hayupo, basi kula wewe Maaskofu." Nimekula wote.

Jumatatu, 11 Oktoba

Wametufungulia leo. Vinyozi foleni mpaka barabarani. Mimi sijatoka. Faida alikuwa anafundishwa kukunja goti, akaweka simu sakafuni nimuone. Linakunjika kidogo sana. Anatukana kwa Kiingereza. Nikajifanya sisikii.

Jumatatu, 8 Novemba

Ligi imekwisha. Timu yao imebaki ligi kuu, kwa mkia. Faida kaniambia yeye mwenyewe, alikuwa jukwaani na magongo yake na blanketi. Wamempa mkataba wa mwaka mwingine. Krismasi hatakuja, mguu una kazi. Nikasema sawa. Imeniuma.

Mipaka imefunguliwa. Mama Faida ameanza kuuliza bei za tiketi. Anasema mzee wa miaka yangu atakufa kwa baridi ile. Nimemwambia anunue koti.

Leo asubuhi Faida kapiga akiwa kitandani, kwao usiku. Hatukuzungumza mpira. Kapika wali umeungua. Dirishani kwake kweupe kwa theluji. Alikuwa anaeleza jambo la jirani yake na mbwa, maneno yakapungua, yakapungua, simu ikalala kwenye mto. Shavu moja tu naliona, na sikio.

Sikukata. Mama Faida karudi kutoka kazini, nikamwonyesha kidole mdomoni. Kavua viatu, kaja kukaa. Tukawa tunamsikiliza anavyopumua.